Fundo Ndani ya Tungsteni

Katika chumba cha mbele cha Bi Khairiya, mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, wanawake wanne hushona kofia kila siku baada ya adhuhuri, na hadi leo hukaa wakiacha nafasi ya mtu wa tano. Hakuna aliyewaamuru.

Nafasi hiyo ni ya bintiye, Swabaha. Alijifunza kushona hapo akiwa na miaka saba. Ukubwani akasomea metali katika chuo kilicho karibu na Buxton, mjini humohumo, na huko akakutana na tungsteni: nzito, ngumu kuyeyuka kuliko metali zote, lakini ukiigonga hupasuka kama kikombe. Wataalamu waitaka kwa kuta za mitambo itakayozalisha umeme kwa kuunganisha viini vya atomi, kama lifanyavyo jua. Kazi ya Swabaha ilikuwa kusuka nyaya za tungsteni nyembamba kama unywele, zizikwe ndani ya ukuta ili ufa ukianza uzuiwe. Mashine ya chuo ilizikata. Vidole vyake havikuzikata.

Alisukia nyumbani, dirishani. Kipande kimoja kilimla wiki tatu. Jumatatu kingepelekwa ng'ambo kujaribiwa motoni, na kikifaulu, angepata nafasi ya kusoma huko.

Alhamisi, Swabaha akiwa chuoni, Bi Khairiya aliona imebaki safu moja, akakaa kumsaidia mwanawe. Waya ukakatika. Akafanya alilofanya miaka arobaini: akafunga fundo, akalizamisha chini ya safu. Mafundo kama hayo yametembea vichwani mwa watu Mji wa Kale wote, wala hakuna aliyelalamika.

Swabaha aliporudi alikigeuza kipande kwenye mwanga. "Mashaallah, Mama. Mkono wako haujazeeka."

Sifa ile ikamchoma Bi Khairiya. "Hapo pana fundo," akasema.

"Wapi?"

"Ukipaona, mimi si fundi."

Swabaha akapapasa mara mbili, asilipate. Akacheka kidogo.

"Wacheka nini?"

"Kofia hii yavaliwa na moto, Mama. Moto utalipata."

Akampigia simu mwalimu wake, Daktari Joab. Sauti ya Joab ikasikika chumbani: "Fundo moja tu? Peleka. Nani atajua?"

"Mimi najua, Daktari. Kosa ni langu, niliiacha kazi wazi. Ntaanza upya."

Hakumtaja mamake. Bi Khairiya alitazama sakafu.

Jumatatu ikapita, na nafasi ya mwaka ule akapewa mwengine. Swabaha akasuka tena wiki tatu, mamake kando yake akiinua mkono kila mara ili amsaidie.

"Mikono yako ishike chai, Mama."

Kipande kikaenda. Majibu yalisema kimepasuka pawili, na hakikuvunjika. Nyaya zilizishika nyufa zote mbili. Bi Khairiya alitaka asomewe mara tatu. Mwaka uliofuata watu wa ng'ambo wakamwandikia Swabaha wenyewe, aende kusoma.

Sasa yuko Ujerumani, mwaka wa pili, katika maabara iliyoko ghorofa ya chini, na Kibokoni nafasi yake haijakaliwa na mtu.