Bibi Aliyekataa Kuruka

Binti yangu anacheza gemu kwenye simu pamoja na maelfu ya watu asiowajua, kila mmoja na upanga wake. Dunia ya humo ni pana kweli: milima, misitu, miji yenye minara. Juzi nikamwona anagusa ramani kwa kidole, mtu wake akayeyuka hapa na kuibukia mji wa ng'ambo ya bahari. Safari nyingine mtu huyo anatembea peke yake, binti mwenyewe yuko jikoni anakaanga yai. Nikamwuliza, "Za njiani?"

"Njia gani, baba?"

Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, siwezi kuficha, wake za majirani wote wanalijua hilo. Lakini hasira hii hasa niliirithi kwa bibi yangu, mama yake baba, na ilinijia kwa mlango wa ajabu.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi redio pale Kalangalala, Geita. Nilikuwa na chumba na sebule, na sebule ndiyo ilikuwa ofisi. Siku moja mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa aliniletea mashine ya gemu ya wanawe, waliokwisha kwenda kusoma ng'ambo. "Fundi, chukua wewe," akasema. "Nimechoka kuifuta vumbi." Nikaifungua, nikachomea nyaya mbili, nikaiunga kwenye betri ya gari na televisheni ndogo isiyo na rangi. Ikawaka! Kaseti ilikuwa moja tu: kijana mwenye upanga anazunguka nchi kubwa, anaingia vijijini, anaongea na watu, anapigana na mazimwi. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, au labda Kichina. Sikuweza kusoma hata herufi moja.

Mwaka huohuo Bibi akaletwa kwangu. Alikuwa ameteleza akiteka maji kwao Nkome, mguu ukavunjika, ukaunga vibaya. Daktari alisema ataweza kutoka kitandani hadi mlangoni kwa fimbo, basi. Sasa ujue huyu alikuwa mwanamke wa miguu. Tangu baba yangu akiwa mgongoni alibeba dagaa kichwani kutoka ziwani, kijiji kwa kijiji, hadi kwa wafugaji wasiojua ziwa likoje. Hakuna mji alioupita bila kujua nani kaoa na ng'ombe wa nani kazaa.

Nilimpangia raha zote. Kitanda dirishani, maji karibu na mkono, redio tatu za wateja, achague. Nikamfungia hata kengele ya baiskeli kwenye ubao wa kitanda ili akitaka kitu asihangaike. Aliipiga siku ya kwanza mara ishirini. Nikikimbilia nakuta hataki kitu. "Nilitaka nione mtu akija," anasema.

Basi nikamwonyesha gemu, ili nipumzike. Ee Mungu wangu, kupumzika!

"Huyu kijana ni wa nani?" akauliza.

"Hana kwao, Bibi. Ni shujaa."

"Mbona anaingia nyumba ya watu bila hodi?"

Nilikuwa nimemwingiza kijana kwenye nyumba, kachungulia chungu cha mwenye nyumba, katoa kitu, katia mfukoni. Ndivyo gemu ilivyotaka. Bibi alipiga kengele kwa nguvu zote. "Mwizi! Mume wangu, unalea mwizi! Kwetu huyu angepigiwa yowe la mwano, kijiji kizima kingetoka na marungu!" Huyo mume wangu ndiye mimi; utani wa bibi na mjukuu wa kiume huo.

Tangu hapo sheria zikawa zake. Kila mlango, hodi mara tatu. Kwa kuwa watu wa kwenye kioo hawakuwa na sauti, hodi niliisema mimi, na karibu niliisema mimi, kwa sauti nyingine. Kila mtu tuliyempita sharti asalimiwe. Mzee, shikamoo. Mwanamke kisimani, mwangaluka. Mbwa tu ndiye aliyesamehewa. Jirani alisikia hodi na karibu kutwa nzima, akavuka barabara na khanga begani, uso umeinama, kuuliza ni nani katutoka.

"Wamejibu nini?" Bibi aliuliza kila maandishi yalipotokea.

"Wanasema marahaba."

Siku tatu nilimpa marahaba. Ya nne akanikata jicho. "Nchi nzima hii watu wanajua neno moja? Soma vizuri, ama hujui kusoma?"

Nikapandwa na mori. Mimi, fundi, sijui kusoma? Nikaanza kutunga. Yule mwanamke kisimani nikamwambia Bibi kwamba mumewe kaenda machimboni Geita kutafuta dhahabu, hajaleta hata barua. Mzee wa darajani anauguza ng'ombe. Yule mlinzi wa lango alitakiwa aoe mwaka jana, mahari ikapelea ndama wawili. Bibi alisikiliza mkono shavuni. Kesho yake anataka turudi: "Twende tukamwone yule mwenye ng'ombe mgonjwa." Turudi, Bibi? Ni mbali, kuna mazimwi! Turudi. Nikarudi nikipigana njia nzima, kwenda kumwuliza mzee ng'ombe kaamkaje. Wateja walikuja kuchukua redio zao wakakaa chini, wakangoja kusikia kama ng'ombe amepona.

Siku moja nikaokota unyoya. Ukiufungua inatokea orodha ya vijiji vyote ulivyofika; unachagua, unaruka, umefika. Nilishangilia peke yangu. "Bibi, tumeokoka!" Nikabonyeza. Kijana akapaa, akatua kwa mzee wa ng'ombe. Hakuna zimwi, hakuna jasho.

Bibi akakisogelea kioo. "Tumepita wapi?"

"Hatujapita popote. Tumeruka."

"Sasa akituuliza za njiani tutamjibu nini?"

"Tutasema nzuri!"

"Nzuri ipi? Umeona nini? Mgeni asiye na habari za njiani kaja kula ugali tu." Halafu akajishika macho, yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kukausha samaki. "Na mimi na macho yangu haya, mwanamke mzee, unanirusha angani nitue uani kwa watu? Wewe unataka waseme nini?" Akacheka hadi fimbo ikaanguka. Lakini unyoya haukuguswa tena. Ng'o. Tulirudi tulikotoka, tukaja upya kwa miguu.

Jumapili moja alikuja baba mdogo, mwanawe wa mwisho, na mkate na majani ya chai. Akanivuta nje. "Mama harudi Nkome," akasema. "Nyumba nimempa mvuvi mmoja aikae. Hapa ana kila kitu, kila kitu kinamfuata kitandani. Usimwambie. Akiuliza, mwambie mwezi ujao."

Nikakubali. Kosa langu hilo, nalisema wazi. Kulikuwa rahisi, naye baba mdogo alikuwa mkubwa wangu. Bibi akiuliza, mwezi ujao. Mwezi ukija, mwezi ujao. Alikuwa ananitazama, anasema "haya," kisha ananiambia niwashe betri.

Mvua za vuli zilipoanza tukafika kwa mfalme. Kasri lenye walinzi wawili mlangoni, nikawasalimu mmojammoja, nikapiga hodi, nikajikaribisha. Bibi alimwita mtemi. Akaniamuru nimsogeze kijana mbele ya kiti, naye mwenyewe akajikokota akaketi wima ukingoni mwa kitanda, akafunga khanga vizuri.

"Muulize," akasema. "Mimi narudi nyumbani lini?"

"Bibi, huyu hajui mambo ya Nkome."

"Mtemi gani asiyejua watu wake? Muulize."

Nikabonyeza. Maandishi yakatoka, mistari miwili ya nyayo za kuku. Nilikuwa nimewatungia watu wa nchi ile mahari, magonjwa, mpaka ugomvi wa mipaka. Sasa ulimi ukagoma. Mwezi ujao ilikuwa hapohapo mdomoni, tamu na nyepesi. Lakini sauti ya mtemi nilikuwa sijawahi kuitumia, na sikuweza kuianza kwa uongo mbele ya mwanamke aliyejifunga khanga kwa heshima yake.

"Mtemi anasema," nikaanza kwa sauti nzito, ikanikatika, nikamalizia kwa yangu, "wanao hawana mpango wa kukurudisha. Nyumba kapewa mvuvi."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Bibi alitikisa kichwa polepole.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja hata mmoja wa nyumba hii aniambie." Akakiinamia kioo. "Asante, mtemi."

Nililia, mtu mzima na bisibisi mkononi. Bibi akapiga kengele ya baiskeli ili ninyamaze.

Kesho yake niligombana na baba mdogo mpaka akaniita kichwa maji mbele ya watu. Sawa. Keshokutwa nikampata mwenye pikapu aliyekuwa anarudisha matenga matupu Nkome kuchukua samaki. Bibi tukampandisha mbele, mimi nyuma na matenga. Dereva akasema atakimbiza, tutafika mara moja. Bibi akasema, "Simama pale."

Tulisimama Nzera. Tulisimama kwa mama wa maandazi, kwa mwenye kinu, kwa mzee mmoja aliyekwisha kufariki, tukatoa pole kwa wanawe. Dereva alikuwa anapiga usukani na kumtaja Mungu. Kila mahali wakasogea dirishani kwa Bibi, naye akatoa habari za alikotoka. Nikiwa nyuma nikamsikia, kwa sauti ya uhakika kabisa, akimweleza mwenye kinu juu ya mlinzi aliyepelewa ndama wawili.

Tulifika jua limeanza kushuka, dagaa wanaanuliwa. Mvuvi alitoka mlangoni kwa Bibi, kapigwa na butwaa, akaanza kukusanya nguo zake. "Kaa," Bibi akamwambia. "Vyumba ni viwili. Wewe utanitekea maji." Majirani wakajaa uani. "Mhola? Za njiani?" wakauliza, naye akashika fimbo, akakaa chini, akaanza tangu mwanzo kabisa.

Alfajiri nikaaga. Akanishika mkono. "Ukifika, wasalimie wale wa kwenye kioo. Mwambie mtemi nimefika."

Ningeweza kucheka tu. Nilipofika Kalangalala kengele ilikuwa kitandani na nyumba kimya. Nikawasha betri. Usiku wa kuamkia safari Bibi alitaka tuage vijiji vyote, hivyo kijana alikuwa kijiji cha mwisho kabisa, nchi nzima kati yake na kasri, na unyoya umo mfukoni. Nikauacha. Nikatembea, nikapigana, nikamwuliza mzee hali ya ng'ombe. Wateja wawili waligonga, wakaniona, wakaondoka.

Nikafika kwa mtemi. Nikapiga hodi mara tatu, nikamwambia kwamba Bibi amefika.