Dakika Tatu za Bibi Nesi

Nilikwenda Dodoma kwa ajili ya mkataba. Nchi yetu ilishatia saini ule mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, lakini saini peke yake haitoshi. Lazima Bunge liridhie, na ili Bunge liridhie, sharti awepo mtu wa kuwasumbua wabunge mpaka wachoke kumkwepa. Mtu huyo, kwa miaka kadhaa sasa, ni mimi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la uraia na katibu wa chama kidogo pale Morogoro. Majirani wanatuita "watu wa mabomu", na nadhani wengine wanaamini kweli tunayo stoo.

Safari hii, kwa semina tuliyowaandalia wabunge, nilikuwa na kitu ambacho sijawahi kuwa nacho. Nilikuwa na shahidi.

Shahidi mwenyewe alikuwa Mlali, wilaya ya Kongwa. Ni muuguzi mstaafu aliyekaribia miaka themanini, na kijijini wanamwita Bibi Nesi. Ujanani alipelekwa Japani kusomea uuguzi, na katika wodi za huko akawahudumia watu walionusurika bomu la atomiki. Mchungaji mmoja ndiye aliyenipa namba yake. Nilipompigia na kujieleza, akasema, "Mwanangu, simu hii nimeisubiri tangu nywele zangu zikiwa nyeusi." Mgonjwa wake mmoja alimwomba kwamba akirudi kwao awaambie watunga sheria yaliyompata. Bibi akaahidi. Mgonjwa akafa, Bibi akarudi nyumbani, akazaa, akastaafu, na hakuna mtunga sheria hata mmoja aliyewahi kumuuliza. Nikamwambia, "Basi Bibi, nafasi imepatikana." Leo nikiyakumbuka maneno yale natamani ardhi inimeze.

Jumatatu alfajiri tuliondoka Morogoro, mimi na Chande, dereva wetu. Chande ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huwa ya kuchoma. Tulipopita Gairo baridi ya Juni ilikuwa bado inauma. Mbele kidogo tukaacha lami, tukala vumbi kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kukauka na alizeti zilizoinamisha vichwa.

Saa nne asubuhi tulifika Mlali. Bibi Nesi alikuwa amekaa barazani, amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, kitambaa cha bluu kichwani, fimbo mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Mbukwenyi," akatusalimia na kwa Kigogo. "Mmechelewa. Nimevaa tangu saa kumi na moja."

Binti yake, Penina, alitupa ugali wa uwele na mlenda. Wakati tunakula alininong'oneza kwamba mama yake wiki nzima amekuwa akijisemea peke yake jikoni, anafanya mazoezi. "Hataki kusoma kwenye karatasi," alisema. "Anasema mgonjwa wake hakusoma."

Saa saba mchana tulikuwa Kibaigwa. Soko lilikuwa limechangamka, malori yamejipanga hadi barabarani, wapakizi wakipita na magunia migongoni. Bibi alitaka tusimame, maana mwenye banda moja la chakula pale alizaliwa mikononi mwake na angependa kumsabahi. Nikakataa. Nilikuwa nakimbilia Dodoma kuchapisha vibao vya majina ya wageni kabla maduka hayajafungwa. "Tutasimama tukirudi, Bibi," nilimwambia. Akasema haya.

Jioni tulifikia Nzuguni, kwa binti wa dada yangu, mtumishi wa serikali aliyejenga huko miaka miwili iliyopita na ambaye ukuta wake bado haujaisha, kwa hiyo upepo wa Dodoma unaingia na kutoka utakavyo. Baada ya chai Bibi alinisogelea mezani.

"Mwalimu, nikusimulie kwanza? Unipimie muda."

Mimi nilikuwa nimeinamia orodha ya itifaki. Hapa lazima nijieleze, ingawa maelezo hayafuti kosa. Katika semina yetu ya kwanza nilisahau kumtaja mkurugenzi mmoja wakati wa utambulisho. Akanuna, akatoka, na barua zetu tatu zilizopita mezani kwake hazikujibiwa. Tangu hapo niliapa kwamba sitamsahau mtu. Orodha yangu ilikuwa na kila mmoja, na cheo chake kamili, na nani anatangulia nani. Bibi Nesi alikuwa namba ya mwisho, na mbele ya jina lake niliandika: dakika tatu.

"Usihangaike, Bibi," nilimjibu bila kuinua kichwa. "Kesho utasimulia mara moja, iwe na moto."

Akarudi kwenye kiti chake. Binti wa dada yangu akamletea kanga ajifunike miguu, na mimi nikaendelea kupanga vyeo.

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, wabunge walianza kuingia ukumbini. Tulikuwa na saa moja tu, kwa sababu kikao cha Bunge huanza saa tatu na lazima wawahi. Walikuja ishirini na wawili. Ishirini na wawili, jamani! Kwa chama chenye kompyuta moja, hiyo ni sherehe. Kwenye chai, mheshimiwa mmoja mcheshi alinishika bega akasema, "Mwalimu, mimi nakuheshimu, lakini hebu niambie ukweli. Sisi bomu hatuna. Tunahangaika nini?"

"Mheshimiwa, shahidi wetu atakujibu," nilisema kwa mbwembwe.

Shahidi wetu alikuwa mstari wa tano. Mistari ya mbele niliipanga mwenyewe kwa vibao vya majina, na yeye hakuwa na kibao.

Nikashika kipaza sauti. Nilikuwa na maneno mawili mkononi ambayo kila mshereheshaji wa nchi hii anayajua: itifaki imezingatiwa. Ukishayasema, umemheshimu kila mtu na hujampotezea muda hata mmoja. Sikuyasema. Nilianza na mgeni rasmi, kiongozi mwenye nafasi kubwa na mtu mpole sana, nikashuka cheo hadi cheo. Kila niliyemtaja nilimwomba asimame atupungie mkono. Wa nne akaomba kusalimia kidogo. Akishasalimia wa nne, wa tano atakaaje kimya? Mmoja alitusalimia kwa kueleza barabara ya jimboni kwake ilivyokatika. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mimi nikafurahi nikidhani mambo yananoga. Nyuma kabisa nilimwona Chande akigonga saa yake kwa kidole. Nikamkazia macho atulie.

Kisha mgeni rasmi akafungua semina. Alizungumza vizuri na wala hakuzungumza sana. Nami, badala ya kumwita Bibi, nikasimama tena kumshukuru.

Saa mbili na dakika ishirini na nane nilimwita. Bibi Nesi aliinuka, akashika fimbo, akaanza kupita kati ya viti kutoka mstari wa tano, polepole, gauni lake jeupe halina hata kunyanzi. Alipofika mbele, msaidizi wa mgeni rasmi akamnong'oneza bosi wake kuhusu muda. Mgeni rasmi akainuka. Na kwetu, mgeni rasmi akiinuka, hakuna anayebaki amekaa. Ukumbi mzima ukasimama.

Bibi alidhani wamemsimamia yeye. Aliweka mkono kifuani, akainama kidogo, akasema kwenye kipaza sauti, "Asanteni, wanangu. Asanteni. Kaeni."

Hawakukaa. Walitoka, wengi bila kumsikia. Wachache waligeuka kwa aibu, na mbunge mmoja mama alirudi akamshika mikono miwili, akasema, "Shikamoo Bibi, tutakusikiliza siku nyingine." Kisha naye akakimbia kuwahi. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya kwangu hayakuchelewa hivyo. Nilikuwa nayo palepale, kipaza sauti bado kiko mkononi.

"Wamekwisha?" Bibi aliniuliza.

"Wamekwenda bungeni, Bibi."

"Ahaa," akasema. Akatangulia kwenda garini.

Saa sita mchana tulisimama pale sokoni Kibaigwa kama nilivyokuwa nimeahidi, angalau ahadi hiyo. Mwenye banda alimkumbatia Bibi huku akipiga vigelegele, akawatangazia wateja wake, "Huyu ndiye aliyenitoa tumboni mwa mama yangu!" Akamuuliza ametoka wapi amependeza hivyo. Bibi akasema ametoka Dodoma kuwaeleza wabunge habari za bomu la nyuklia. Wapakizi wawili wakainua vichwa kutoka kwenye sahani zao. Dalali mmoja wa mahindi, mwenye kofia na sauti kubwa, akadakia, "Bibi yangu, sisi mabomu hatuna. Hayo yanatuhusu nini?"

"Hata niliowauguza hawakuwa nayo," alijibu Bibi.

Akasimulia. Nami, katibu wa chama, niliyesafiri naye siku mbili, nilikuwa naisikia habari ile kwa mara ya kwanza.

Mgonjwa wake alikuwa mama wa makamo. Kila asubuhi aliomba bilauri ya maji, ijazwe, iwekwe kando ya kitanda, na asiinywe mtu. Bibi, binti mgeni wakati huo, alidhani ni desturi ya kwao. Siku moja aliimwaga kwa bahati mbaya, na yule mama akalia kama mtoto. Ndipo akamweleza. Siku ya bomu alikuwa na miaka kumi na miwili. Alimkuta mdogo wake wa kiume, miaka sita, ameungua mwili mzima, anaomba maji. Watu wakamwonya asimpe, aliyeungua vile akinywa atakufa. Akamnyima. Mtoto akaomba mpaka sauti ikaisha, halafu akafa vilevile, na kiu yake.

"Akaniambia, 'Sikumwua mimi, lakini neno la mwisho alilonisikia nikisema ni hapana,'" alisema Bibi. "Akaniuliza kama kwetu wako watu wanaotunga sheria. Nikasema wako. Akasema, nenda kawaambie, waseme hapana wao, mapema, ili asije akaisema mtoto."

Bandani hakuna aliyetafuna. Dalali alikuwa amevua kofia. Niliangalia saa bila kutaka: Bibi alikuwa ametumia dakika tisa. Utambulisho wangu ulikula zaidi ya nusu saa.

Chande alilipia chakula, akapita karibu yangu akasema, "Mwalimu, hapa hapakuwa na itifaki."

Saa tisa alasiri tulimfikisha Mlali. Penina alikuja mbio, akampokea fimbo, akamkalisha barazani.

"Enhe, mama, waheshimiwa wamesemaje?"

"Wametaja majina yao," alisema Bibi.

Penina alinitazama. Nikatazama vumbi la viatu vyangu. Nikapiga goti mbele ya yule mama, mwanaume mzima na mvi zangu, nikamwomba radhi. Nikamweleza lile kosa lote, kuanzia orodha ya vyeo hadi mstari wa tano, nikamwambia nitaandaa semina nyingine na yeye atakuwa wa kwanza kabla hata ya sala.

Bibi aliniwekea mkono kichwani. "Inuka, mwanangu. Mimi nimekusamehe." Kisha akavua kitambaa chake cha bluu, akaanza kukikunja taratibu juu ya mapaja. "Ila aliyeahidiwa si mimi."

Tulirudi Morogoro jioni ile ile. Nilichojifunza safari hii ni kitu ambacho mwalimu wa uraia alipaswa kukijua: heshima nilizogawa ukumbini zilikuwa muda wa mtu mwingine, na mwenyewe sikumwuliza. Wabunge siwalaumu. Walinipa saa nzima.

Mkataba bado haujaridhiwa. Nimeandika barua ya kuomba semina nyingine na nimejibiwa kwamba itafikiriwa. Ratiba yake nimeshaiandaa, ina mstari mmoja tu, jina la Bibi, na mbele yake sikuandika dakika. Kila Jumapili napiga simu Mlali kuuliza kama atakubali kuja. Penina hunijibu kwa upole kwamba mama hajaamua, na miguu nayo imeanza kuvimba.