Dawa ya Nini

Kazini waliniita Dawa-ya-Nini, na mwanzoni jina hilo lilinikera. Nafungasha mizigo ya hatari kwenye ghala la kampuni moja ya usafirishaji huku Ilemela, si mbali na uwanja wa ndege. Rangi, tindikali za maabara, betri, sumu za mashambani, kemikali za wachimbaji: chochote kinachoweza kuwaka, kuvuja, kuunguza au kuua kinapita mikononi mwangu kabla hakijapanda ndege, lori au meli. Mteja anaingia na dumu lake, namuuliza amebeba nini, ananijibu, "Dawa tu." Hapo ndipo damu inaponichemka. Dawa ya nini? Ya kupe? Ya kunguni? Ya kuoshea choo? Kiswahili chetu kimelibebesha neno hilo mzigo mkubwa kupita kiasi. Kuna dawa ya mswaki na dawa ya panya, na mtu anazitamka zote mbili kwa sauti ileile, huku akiangalia simu yake.

Nilikuwa mkali, sikatai. Niliwahi kumrudisha mzee wa watu mpaka Igogo na kidumu chake cha dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa sababu lebo ya kiwandani ilikuwa imechubuka, jina halisomeki. Alinisihi, akaniambia ng'ombe wake wanaliwa na kupe na gari la kwao linaondoka mchana ule. Nilimjibu kwamba kidumu kisicho na jina hakitoki mlangoni kwangu. Waajiriwa wapya niliwafundisha mambo mawili kabla ya yote: sumu haihamishwi kwenda kwenye chombo kingine, na lebo haibanduliwi. Nilijisikia fahari sana kuyasema hayo. Kichwa kilikuwa kimenivimba.

Nayasema haya kwanza ili ieleweke kwamba nilijua. Kwa ujuzi wangu wote huo, mimi ndiye niliyemkosesha shangazi yangu kusoma kanisani.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, na ndiye aliyenilea Ukerewe baada ya mama kufariki. Alikuwa na miti ya michungwa nyuma ya nyumba na kabustani ka nyanya. Lakini watu wa kigango chetu hawakumjua kwa machungwa. Walimjua kwa kusoma. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyesoma somo la kwanza Jumapili, na alisoma kwa namna ambayo hata watoto walinyamaza. Hakuwa na sauti kubwa. Alisoma taratibu, akikipa kila kituo haki yake, na akifika kwenye yale majina marefu ya watu na miji ya zamani, ambayo wengine huyaruka kama mtu anayevuka dimbwi, yeye aliyatamka yote mpaka mwisho. Alianza kuliandaa somo tangu Alhamisi, na Jumamosi jioni hakutaka mgeni. Hakuwahi kupata mtoto, mumewe alikufa mapema, shule aliishia darasa la saba. Kusoma pale mbele ndicho kitu ambacho hakuna aliyempa kwa kumwonea huruma.

Siku moja alinipigia simu nikiwa naingia kazini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba." Aliniita baba tangu nikiwa mtoto, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mdogo wake wa kiume. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Za huko?"

"Wadudu wananimaliza, baba. Nitafutie dawa hapo mjini, huku imekosekana. Ila unipatie ya maji. Ile nyingine inanishinda."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Mara ya mwisho nilipokwenda kisiwani nilikuta majani ya michungwa yamejikunja, yamejaa vidudu vyeusi, na yeye mwenyewe alilalamika kwamba dawa ya unga inapeperushwa na upepo wa ziwani. Kwa hiyo nilimwelewa vizuri kabisa, au ndivyo nilivyodhani. Angekuwa mteja ningemuuliza ya nini. Yeye sikumuuliza.

Nilinunua dawa ya kunyunyizia miti, ya maji, kopo la lita moja lenye fuvu na mifupa na maandishi madogo pande zote. Lita ilikuwa nyingi kwa miti yake tisa. Zaidi ya hapo, mzigo wa aina ile hauruhusiwi kwenye meli ya abiria hivihivi. Ilibidi nijaze fomu, niubandikie lebo, niusubirishe mpaka ipatikane boti ya mizigo, na mimi nilitaka shangazi aupate wiki ileile. Nikajiambia hiki ni kidogo, ni cha nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi ya watoto, imekwisha, imeoshwa. Niliichagua kitaalamu, na hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka. Kioo cha kahawia kinazuia mwanga. Kifuniko chake kinakaza barabara. Nilimimina mle, nikaigeuza chini juu, nikaisubiri robo saa, haikutoa hata tone. Nikaivika mfuko wa plastiki mara mbili, nikaizungushia maranda ya mbao ili hata ikipasuka yanyonye, nikaisimamisha wima katikati ya boksi na kuchora mshale wa kuonyesha upande wa juu. Sukari na chumvi nilivitia kwenye boksi lingine, maana chakula na sumu havikai pamoja. Kwa kufungasha, hakuna mkaguzi ambaye angenikuta na kosa.

Kisha nikakata kipande cha karatasi, nikakigundisha kwenye chupa na kuandika kwa kalamu nene, kwa mwandiko wangu mzuri ambao yeye mwenyewe alinifundisha: DAWA YA WADUDU. Kifuniko kimoja. Asubuhi mapema au jioni.

Kifuniko kimoja kwa ndoo ya maji, ndivyo nilivyomaanisha, na asubuhi au jioni kwa sababu jua kali huunguza majani yaliyonyunyiziwa. Ni mambo ambayo mkulima anayajua. Nilipanga nitampigia kumweleza. Alhamisi nilikabidhi maboksi bandarini kwa jirani yake mmoja aliyekuwa anarudi kisiwani, nikaenda kazini, na siku hiyo tulikuwa na shehena kubwa ya betri. Sikupiga.

Wadudu aliowasema shangazi walikuwa tumboni mwake. Alikuwa amekwenda zahanati, wakampima choo, wakamwambia mama, una wadudu. Ndivyo wanavyosema zahanati zetu zote, na ndivyo tunavyosema na sisi: amekutwa na wadudu, anatumia dawa ya wadudu. Ile nyingine iliyomshinda ilikuwa vidonge, vilivyomkwama kooni na kumtapisha. Ijumaa asubuhi mapema alifungua chupa ya dawa ya kikohozi, akaona mwandiko wangu, akapima kifuniko kimoja, akanywa. Baadaye aliniambia ilikuwa chungu na inanuka vibaya, lakini alijikaza akaimeza yote, kwa sababu nilikuwa nimeitafuta mimi.

Jirani yuleyule ndiye aliyemkuta amelala mlangoni, mate yanamtoka, mwili unamtetemeka. Walimkimbiza hospitali. Daktari alitaka kujua kitu kimoja tu: amekunywa nini? Jirani alijibu, amekunywa dawa. Dawa ya nini? Hajui, ililetwa kutoka mjini. Wakaanza kunipigia. Lakini kwenye chumba cha kufungashia hatuingii na simu. Ni sheria niliyoisimamia mimi mwenyewe, simu zote zinafungiwa kabatini. Nilipotoka kwenda kula nilikuta wamenipigia mara kumi na moja. Nilimtajia daktari jina la sumu ile, nikamtajia na kiasi. Akakata simu bila kuaga, na nilimwelewa.

Aliishi. Jumamosi nilipofika alikuwa ametundikiwa dripu, amelala, anapumua vizuri. Niliambiwa niende nyumbani nikamletee khanga. Chupa ilikuwa juu ya meza, karibu na kile kitabu chake cha masomo, na karatasi yangu ilikuwa inanitazama. Niliisoma kama anavyoisoma mtu asiye mimi. Kisha nikafanya kitu ambacho kazini ningemfukuzia mtu. Niliibandua lebo. Niliichana vipande vidogo na kuvitia mfukoni. Nilikuwa nawaza cheti changu, mshahara wangu, na watoto wangu, kwa mpangilio huohuo.

Niliporudi alikuwa amefumbua macho, na daktari alikuwa ameshamweleza kwamba alikunywa sumu ya kunyunyizia miti.

"Umeiona chupa?" akaniuliza.

"Nimeiona, shangazi."

"Na karatasi?"

Nilitazama chini. Akageukia ukutani.

Jioni alikuja bwana afya na daftari lake. Aliuliza sumu ilifikaje kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na nani aliiandika. Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, na miaka yote hii nimejaribu kujiaminisha kwamba ningesema kweli. Shangazi aliniwahi.

"Iliandikwa vizuri tu, mwanangu. Kila kitu kilikuwepo, kwamba ni ya michungwa, inachanganywa na maji. Mimi ndiye nimesoma vibaya. Macho yangu yamekwisha."

"Karatasi iko wapi, mama?"

"Si nimeitupa."

Bwana afya aliandika. Alinishauri siku nyingine nisihamishe sumu kutoka kwenye kopo lake, nikamwitikia kama mwanafunzi, na mambo yakaishia hapo.

Kisiwa ni kidogo. Kabla hajatoka hospitali, kila mtu alikuwa amesikia kwamba mama msomaji alisoma sumu akaona dawa. Walimpenda, kwa hiyo hawakumcheka. Walimhurumia, na hilo nadhani lilimuumiza zaidi. Katekista alikwenda kumwona kwa adabu zote, akamwambia mama umetumikia vya kutosha, sasa pumzika, tumempata mama mwingine wa kusoma. Shangazi akamshukuru. Tangu siku hiyo akawa anampa mtoto wa jirani simu yake amsomee ujumbe.

Nilimtembelea miezi michache baadaye. Nilifika bila kupiga hodi, nikamkuta amekaa uani na kipande cha gazeti kilichofungiwa dagaa. Alikuwa anasoma. Alikishika mbali kidogo na uso, bila miwani, na midomo yake ilikuwa inakwenda taratibu, kituo hadi kituo. Aliponiona alikikunja akakikalia.

"Shangazi, unaona vizuri."

"Nani kakwambia?"

"Nitamwambia katekista. Nitamwambia mimi ndiye niliyeandika vibaya."

"Halafu?" Alinikazia macho yale yaliyokwisha. "Bwana afya asikie nilimdanganya? Kazini kwako wasikie? Acha, baba. Ukila, nami nimekula."

Nilipaswa kubisha. Mtu akikuachia kitu chake kikubwa namna ile, unakikataa, hata mara tatu, hata kwa ugomvi. Mimi nikauliza habari za michungwa. Ukweli ni kwamba nilisikia nafuu, na nafuu ile ndiyo ninayoijutia kuliko hata chupa.

Jumapili tulikwenda kanisani pamoja. Mama aliyeichukua nafasi yake alisoma haraka, akiyaruka majina. Shangazi alikuwa kando yangu kwenye benchi, mikono mapajani. Niliona midomo yake inatangulia mbele ya yule mama, ikiyatamka majina yote bila sauti. Alikuwa ameliandaa somo. Kabla ya baraka ya mwisho katekista aliwaomba wageni wasimame wajitambulishe, kama ilivyo desturi. Nilisimama. Kanisa zima lilinigeukia, hakuna aliyekuwa na haraka, na nilikuwa na maneno yote. Nilisema natokea Mwanza, nimekuja kumwona shangazi, nawashukuru kwa kumtunza. Walinipigia makofi, nikakaa.

Aliishi miaka mitatu mingine. Tumbo lilipona kwa dawa ya kweli, ya maji, ambayo nilimpelekea mwenyewe mkononi. Alipofariki, kwa maradhi mengine ya uzee, ukoo ulinichagua mimi kuandika na kusoma wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi ndiye mtoto aliyemlea na nina mwandiko mzuri. Niliuandika usiku wa kuamkia mazishi. Nilipofika kwenye utumishi wake kanisani nilikaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Sentensi ya kweli nilikuwa nayo. Niliiandika, nikaikata. Niliogopa wazee wa ukoo, niliogopa katekista, nilijiambia si mahali pake, na yeye mwenyewe alikataa.

Asubuhi nilisimama pale mbele, jeneza likiwa chini yangu, nikasoma kwamba marehemu alikuwa msomaji wa Neno kwa miaka mingi mpaka alipoanza kusumbuliwa na macho. Nilisoma taratibu, nikikipa kila kituo haki yake. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali.

Baada ya kuzika, yule mama anayesoma siku hizi alinifuata makaburini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umesoma vizuri sana," aliniambia. "Kama yeye kabisa, kabla macho hayajamharibikia."

Nikamwambia asante.