Njia ya Hamuza Iliyopanuka Yenyewe

Huko milimani juu ya Mbale, mtu akikutana nawe mara ya kwanza hana haraka na jina lako. Anakuuliza shamba lako liko upande gani wa mto. Hamuza aliulizwa hivyo kwa miaka ishirini na miwili, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Shamba sina, bwana. Nina njia."

Na kweli shamba hakuwa nalo. Alizaliwa kambini Jinja, mtoto wa askari Mnubi, akalelewa Mpumudde katika vyumba vya kupanga, na jembe kwake lilikuwa kitu cha kupitia mbali ukiliona kwenye bega la mtu. Lakini Mungu hamnyimi mja vyote. Alimpa miguu. Alipomwoa Twaibah wa Mbale na kuhamia kwao, asubuhi ya kwanza alifungua dirisha akauona mlima wa Wanale umesimama nyuma ya mji kama ukuta, maji ya mvua ya usiku yakining'inia juu yake nyuzi nyuzi, meupe, bila sauti. Akasimama pale hadi chai ikapoa.

"Ya Hamuza," Twaibah akamwambia, "huo mlima hauendi popote. Kunywa chai."

Akanywa chai, akapanda mlima. Alianza kwa kuwafuata watu walioteremsha malewa, yale machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwenda sokoni. Yeye aliwafuata kinyume, wao wakishuka, yeye akipanda, akiuliza walikotoka. Kwa kuuliza na kupotea akaishona njia yake: inaanza nyumba za mwisho za mji, inapanda ngazi za miti zilizoegemezwa kwenye jabali, inakatiza kahawa na migomba, inaingia msituni, halafu inashuka bonde la upande wa pili, kupitia mashamba mengine, hadi mtoni. Siku mbili za kutembea. Watembeaji waliletwa na Nicanor, kijana mwenye ofisi ndogo mjini: walimu wa Jinja, wauguzi, Wakenya wanaofanya kazi barabara kuu. Nicanor aliwaandika majina. Hamuza aliwatangulia mbele, taratibu, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake.

Mwaka juzi macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mlimani ukungu ni jambo la kila siku, kwa hiyo mwanzoni alidhani ni ule ule. Kisha akauona hata sebuleni. Hakumwambia mtu. Twaibah hakuhitaji kuambiwa, maana alimkuta akilitolea salamu koti lililotundikwa kwenye msumari. Akaliondoa koti, akalipeleka chumbani.

Siku moja Hamuza alikosea njia panda, akawafikisha watu kumi na mmoja kwenye banda la nguruwe. Yeye, Hamuza, mwana wa msikiti, amesimama mlangoni anabisha hodi. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Nicanor naye alicheka, kisha akasema, "Mzee, ikitokea tena nitawapa simu iwaongoze. Simu ina ramani, na haizeeki."

Hilo la simu lilimkaa kooni. Alipokwenda Jinja kumsalimu dada yake Kimaka, aliona pale uani mti mwembamba wa uzio, wenye majani marefu yaliyopigwa mstari wa manjano katikati. Hata yeye aliuona vizuri ule mstari.

"Huu unaoteshwaje?" akauliza.

"Hauoteshwi," dada yake akasema. "Unakata, unachomeka. Hata ukiuchomeka kichwa chini unaota."

Akarudi Mbale na vijiti sabini ndani ya gunia. Msituni hakuhitaji, msituni njia ni moja. Ila pale kwenye mashamba, juu na kule bondeni, vijia vimefumana kama nywele zisizochanwa, na hapo ndipo alipochomeka, kimoja baada ya kingine, mapema asubuhi watu wakiwa bado wanaota moto jikoni. Kila kijiti alikibonyeza kwa kisigino, akakiombea.

Mvua zikaja, vikashika. Ee bwana, Hamuza akatembea. Ukungu ukishuka, ile mistari ya manjano ilielea mbele yake kama tambi za taa, moja inamkabidhi kwa nyingine. Hakupotea tena. Halafu likaanza jambo ambalo hakuthubutu kulisema kwa mdomo: njia ilianza kupanuka. Zamani walipita mmoja mmoja, matawi ya kahawa yakiwafuta mabega. Baada ya miezi mitatu wakapita wawili sambamba. Baada ya mvua ya pili, wanne. Migomba ilijitenga, kahawa ilirudi nyuma, na katikati pakaota nyasi laini zenye viua vya zambarau, ukizikanyaga husikii hatua yako mwenyewe. Wakati mwingine, akilala mchana kibarazani, aliota mlima unasogea upande, kama watu msikitini wanavyosogea safu ili aliyechelewa apate nafasi. Akiamka anatabasamu. Mlima unanipisha, alifikiri. Miaka yote hii, sasa umenijua.

Ikafika Jumamosi moja. Kama kawaida walipumzika juu kwa Edinah, mjane aliyekulia Busiu akiwauzia ndizi madereva wa Kenya, ndiyo maana Kiswahili chake kilitiririka. Alikuwa akiwachemshia watembeaji chai. Miongoni mwao alikuwemo Beldina, mama wa Kikenya mwenye duka la vipuri mjini, mdomo wake haujui kupumzika.

"Dada," Beldina akamwambia, akionyesha ule ukanda wa nyasi, "ardhi nzuri namna hii mnaiacha ilale? Kwetu hapo ungekuta hata sukuma wiki."

Edinah akaweka birika chini. "Hiyo si ya kulima. Ni mpaka. Si unaona luwanyi, ile miti yenye mstari wa manjano? Shemeji yangu Masinde aliupanda mwaka jana katikati ya kahawa yangu, bila kunena neno. Udongo juu ya mume wangu ulikuwa hata haujakauka."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningefanya nini? Luwanyi haung'olewi na asiyeupanda. Nikarudisha kahawa yangu nyuma, miche kumi na minne, nisionekane nanyemelea mpaka wake. Tangu siku hiyo hanisalimii, na mimi simsalimii. Watoto wetu wanateka maji kwa zamu wasikutane."

Kikombe kilimpoa Hamuza mkononi. Aliutazama ule ukanda wa kijani, mpana, mzuri, na mistari yake ya manjano ikielea juu yake. Akinyamaza, vijiti vitabaki, na njia itabaki yake hadi kufa. Akisema, vitang'olewa, na pamoja navyo itajulikana habari ya macho, na Jumamosi ijayo watu watafuata simu. Akanywa ile chai ya baridi yote, kama dawa.

"Edinah," akasema, "ile miti niliipanda mimi."

"Wewe? Una shamba hapa?"

"Sina."

"Sasa mpaka wa nini?"

"Sikujua kama ni mpaka. Kwetu kambini mpaka ulikuwa seng'enge. Niliichomeka nione njia. Macho yangu haya, mama, yamebaki nusu."

Beldina akawawahi wenzake. "Kwa hivyo mzee, mwaka mzima tumeongozwa na maua?"

"Mwaka na miezi miwili," Hamuza akasema.

Masinde akaitwa. Alikuja hadi ukingo wa nyasi upande wake, akasimama hapo hapo, mikono nyuma. Edinah akamweleza kwa Kimasaba, kirefu, akimnyooshea Hamuza kidole. Masinde akageukia Kiswahili ili mkosaji asikie.

"Mimi nimekata migomba yangu kumi na miwili. Kwa heshima ya mpaka wako, shemeji."

"Mpaka wangu? Mimi niliheshimu wako."

"Wewe ndiye uliyeacha kunisalimia."

"Wewe ndiye uliyeanza kupita kule nyuma kama mwizi wa kuku."

"Tumehamishwa na Mnubi," Masinde akasema polepole, "mtu asiye hata na mahali pa kuzikwa." Kisha akaona aibu kwa neno lake, akatazama chini. "Mwana wa afande, usiniwekee moyoni."

"Ni kweli, bwana. Wala haijanipunguza," Hamuza akajibu. "Niambieni inang'olewaje."

Inang'olewa na aliyeipanda, kwa mikono, wenye ardhi wa pande mbili wakitazama. Akapiga magoti. Mizizi ilikuwa imeshika kweli kweli, kila mti ulilia kidogo ukitoka. Watembeaji wakaichukua mmoja mmoja wakaibeba mabegani kama kuni. Alipomaliza ule ukanda, mbele yake palikuwa na kijani kitupu, na ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni bila haraka. Nyuma yao Masinde alisikika akimwambia Edinah achukue yeye sehemu kubwa, Edinah akimwambia achukue yeye, na sauti zilishaanza kupanda.

"Sasa mzee, tunarudi mjini?" Beldina akauliza.

"Tunakwenda mtoni. Tangulia wewe."

"Mimi? Mimi nauza vipuri."

"Tangulia, uniambie unachokiona."

Wakaingia ukungu. Walilala msituni kama ilivyo kawaida, na kesho yake wakaanza kushuka bonde, Hamuza akiing'oa ile iliyobaki, kila mti mbele ya wenye ardhi wake. Nyeupe kila upande, watu walikuwa sauti tu.

"Kuna jiwe kubwa," Beldina akasema.

"Limekaaje?"

"Kama ng'ombe aliyelala."

"Kichwa kiko wapi?"

"Kulia."

"Pita mkiani. Ukisikia maji mawili, moja nene moja jembamba, fuata jembamba."

Hatua. Hatua. "Naona miti miwili imekumbatiana."

"Hiyo iliponea wakati wa maporomoko. Kati yake. Inama."

Hivyo hivyo, yeye akiuliza na wao wakijibu, hata wale waliozoea kutazama visigino vya mwenzao tu wakaanza kugombania kuona. Alasiri wakausikia mto wote kwa pamoja. Hamuza akavua viatu, akaketi juu ya jabali kutia udhu, maji yakimpita kati ya vidole vya miguu.

Beldina alikuwa kwenye simu na Nicanor, akipaza sauti juu ya maji. "Tumefika. La, hakuna aliyepotea. Macho? Ndiyo, amesema mwenyewe. Sikiliza wewe kijana, ramani yako inajua maji membamba? Basi." Akasikiliza kidogo, kisha akamgeukia mzee. "Anauliza Jumamosi ijayo atatangulia nani."

Hamuza alikuwa anaosha mkono wa kulia hadi kiwiko. Hakukatisha.

"Mwambie alete mtu anayeona," akasema. "Tena asiwe na haraka."