Shemeji Alivyonijibia

Nilikuwa eda, mwezi wa pili tangu mume wangu afariki, mdadisi wa utafiti wa nguvu kazi alipofika kwetu Bagamoyo na kishikwambi chake. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyemleta. Wakakaa barazani na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia napaa samaki vibua tangu alfajiri. Binti yangu ndiye aliyekuwa akienda kuvikaanga sokoni kwa niaba yangu, kwenye jiko langu la miaka yote.

"Mama wa nyumba hii, siku saba zilizopita alifanya kazi ya kujipatia kipato?" mdadisi akauliza.

"Hafanyi. Yuko eda," shemeji akajibu.

"Hata saa moja? Sisi hata saa moja tunaihesabu, na biashara yake mwenyewe ni kazi."

"Saa moja ya nini, bwana? Anakula, analala."

"Anatafuta kazi?"

"Mjane wa eda akatafute kazi wapi? Kwa malaika?"

Mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa.

"Akiipata leo, yuko tayari kuanza?"

"Hatoki huyo."

"Basi yuko nje ya nguvu kazi."

Mikono yangu ilijaa magamba mpaka kwenye viwiko. Nilikuzwa nikiambiwa sauti ya mwanamke wa eda haitoki nje, nikanyamaza. Kosa langu ni hilo. Baadaye shangazi aliniambia hakuna dini iliyonikataza kujibu swali nikiwa nyuma ya pazia.

Wiki haijaisha, binti akarudi na ndoo ya samaki wabichi. Mwenyekiti, mgawaji wa nafasi za sokoni, kamwondoa kwenye jiko langu, kampa nafasi mke wa shemeji. Nilipotoka eda nikamfuata mwenyekiti ofisini kwake.

"Dada yangu, mimi nilikuwepo," akasema. "Ulihesabiwa hufanyi kazi. Jiko ni la wanaofanya kazi."

"Nilihesabiwa kwa mdomo wa nani? Na binti yangu ulikuwa unamwona pale kila siku."

"Binti alikuwa anakushikia nafasi tu."

Nawataja wazi: shemeji na mwenyekiti. Yule mdadisi aliuliza sawasawa, ila pazia hakuliuliza.

Sasa nakaangia kando ya barabara ya Mbegani, chini ya bati nililolifunga mwenyewe, na wateja wa Dar hawafiki huku. Shemeji akipita ananiuliza, "Za kazi, shemeji?" Natema mate pembeni, nageuza samaki.