Usimdokezee Nyanya

Ninafundisha somo la ubongo katika chuo kimoja hapa Voi, na kazi hii ingekuwa tamu kweli kama isingekuwa na wanafunzi. Nawapenda, lakini wananizeesha. Kuna anayeandika hitimisho kabla hajaanza utafiti. Kuna aliyeniletea mchoro wa ubongo wa panya, chini yake ameandika "mzee wa kawaida". Ukiuliza, unaambiwa ni kompyuta iliyokosea.

Aliyenimaliza mwaka huu ni kijana mmoja wa mwaka wa nne, mpole, mwenye adabu zake. Alitaka kupima kumbukumbu za wazee kule Mwanda. Kipimo chenyewe ni rahisi: unamsomea mzee maneno matano, mnazungumza mambo mengine kidogo, kisha unamwomba ayarudie. Hata hayo maneno yalitusumbua. Orodha yake ya kwanza ilikuwa na neno "nyanya", na bibi wa kwanza kusomewa alimjibu, "Nipo." Tukaliondoa. Tukabaki na jembe, chumvi, kanisa, mvua na ndizi.

Akapanda Mwanda, akarudi akitabasamu. Nikafungua matokeo yake. Wazee wote, hata wale wasiotoka tena nje bila kushikwa mkono, walikuwa wamepata tano kwa tano. Mimi mwenyewe, kwa wiki ninazozipitia, sidhani kama ningepata tano.

"Hawa wote walikumbuka kila kitu?" nilimuuliza.

"Wote, Madam."

"Bila kusaidiwa?"

Akaangalia viatu vyake. "Kusaidiwa, si sana. Yaani nyanya akikwama namwambia tu, ile kitu unalimia nayo. Anasema jembe."

Nilishika kichwa. Nikamweleza kwamba alichopima hapo ni kumbukumbu yake mwenyewe, na hiyo hatuna haja nayo.

"Lakini Madam, huyo ni mtu mzima. Anaona aibu. Sasa nimwangalie tu hivyo nimenyamaza? Nyumbani watasema sikulelewa."

Hapo ndipo hasira ilinipanda, kwa sababu hakuwa mjinga. Alikuwa amelelewa vizuri, na malezi hayo yalikuwa yamemharibia utafiti mzima. Bila kurudia kazi yote hangehitimu na wenzake, na baba yake alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mtoto anavaa joho mwaka huu. Nikamwambia heshima ni nzuri, lakini mbele ya kipimo, heshima ni kufunga mdomo. Aliitikia kila neno. Nikamtuma kwa mzee mmoja hapa mjini ajaribu tena, akarudi na tano kwa tano. Safari hii, alisema, hakutamka neno. Alionyesha tu kwa vidole jinsi mvua inavyonyesha.

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi nikambeba kwa gari langu hadi Mbololo, nyumbani kwa mama yangu. Nilimchagua mama kwa sababu nilijua hatatuaibisha. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, ndiye aliyenifundisha kusoma, na nyimbo za kanisani anaziimba zote bila kitabu. Nilitaka kijana aone kwa macho yake jinsi mtu anavyouliza na kunyamaza.

Mama alitumiminia chai, akamuuliza kijana ni wa kwa nani. Nikamsomea maneno. Akayarudia papo hapo, yote matano, akamtazama kijana kana kwamba anamwambia hivyo ndivyo inavyofanywa. Tukazungumza habari za mahindi na nyani wanaoyamaliza. Akamuuliza kijana ni wa kwa nani. Kijana akajibu upya, kwa adabu, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

"Sasa, mama. Yale maneno niliyokusomea."

"Kanisa," alisema upesi. Akafikiri. "Ndizi."

Kisha kimya. Nami nikanyamaza, maana hilo ndilo somo lililotuleta. Nilisikia kijana akivuta pumzi, nikaona vidole vyake vinaanza kuinuka, nikamkazia jicho akavirudisha mapajani. Mama alitazama kikombe, akatazama mlango, halafu akanitazama mimi. Mtazamo ule ninaujua. Ndio anaonitazama nao akitafuta jina la mjukuu, na mimi humtajia kabla hajahangaika. Ndugu zangu pia humtajia. Akisahau kama amekula, tunamwambia amekula, na mazungumzo yanaendelea. Sijui tulianza lini.

Niliogopa. Mimi niliyekuwa nimemkaripia mtoto wa watu wiki nzima, nilitamani kusema jembe. Nilitamani kuonyesha mvua kwa vidole.

"Mbona leo hunisaidii?" mama akaniuliza.

Kijana alikuwa ameshika kalamu, hamtazami yeye, ananitazama mimi. Nikamwambia aandike mbili.