Mkatili Aliyekuja Mwenyewe

Mimi na baba yangu tulibishana juu ya filamu, na nilishinda. Naona heri niliseme mapema, maana ndicho kitu pekee nilichoshinda mwezi ule.

Ilikuwa filamu ya majambazi, ya Kifaransa. Baba ni fundi cherehani, na Kifaransa chake ni cha kupimia nguo tu: mabega, kiuno, urefu wa mkono, basi. Kwa hiyo Jumapili mchana nilikaa kando yake sebuleni kwetu Kamembe, mji wa Rwanda unaopakana na Kongo, nikimtafsiria. Kila sentensi ya filamu niliiongezea tatu za kwangu. Hayo ndiyo madhara ya chuo kikuu.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mzee mmoja anaongoza genge la magendo. Mtu akimsaliti, mzee humfuata nyumbani kwake, hukaa mezani, hula, huuliza hali ya watoto, kisha humuua kwa mkono wake. Anapozeeka, mwanawe anashika nafasi. Huyu haendi kwa mtu. Hukaa ofisini, hupiga simu, na mtu fulani haonekani tena.

"Nani mkatili zaidi?" nikauliza, kwa ile sauti yangu ya darasani.

"Mutoto," baba akajibu.

"Papa! Ule mzee anakula chakula ya muntu, kisha anamuua!"

"Anamuangalia mu macho. Ule mutoto hajue hata sura ya muntu anaua."

Nikamweleza kwamba kuua kwa simu ni kazi ya karani, haina chuki ndani yake, ila kula kwanza kunahitaji roho mbaya kweli. Nilitaja falsafa. Nilitaja, Mungu anisamehe, Wagiriki. Mwishowe baba akasema, "Sawa, profesa. Umeshinda," akageuka kutazama dirishani hata kabla filamu haijaisha.

Sikujua kwamba baba alikuwa ameshaacha kuzungumzia filamu.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimefunga ateliye yake, chumba chake cha kushonea mjini. Miguu yake ilivimba, daktari akamkataza kukanyaga cherehani, nami nikampata mtu wa kupangisha chumba. Baba alikubali bila maneno mengi. Alibaki wa kuambiwa kwamba kazi imekwisha: fundi mwenzake, mzee wa Rwimbogo, aliyeshona naye miaka zaidi ya thelathini, meza kwa meza, wakigombea mkasi mmoja na redio moja. Nikamwambia baba, "Hiyo niachie mimi."

Sasa, baba alikuwa na desturi yake. Akilazimika kumwachisha mtu kazi, alimfuata nyumbani. Nilipokuwa kijana aliwahi kunichukua hadi Giheke kwa fundi mmoja. Mke wa fundi alituchemshia chai, tukaimaliza, baba akauliza habari za maharage shambani, ndipo akasema lililompeleka. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia ni ukatili kumfanya mtu achemshe chai ya msiba wake mwenyewe. Akanijibu, "Pale ni kwake. Akitaka kunitukana, anitukane. Akitaka kunifukuza, anifukuze."

Na mimi? Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilimtumia mzee wa Rwimbogo ujumbe wa sauti. Niliurekodi mara mbili, si kwa huruma, bali kwa sababu mara ya kwanza nilikohoa.

Filamu ilipokwisha baba akauliza, "Ulimwambia namna gani?"

"Nilimutumia sauti, Papa."

"Ku simu?"

"Ku simu."

Akaniomba nizime televisheni.

Kesho yake nilipanda pikipiki hadi Rwimbogo. Mwenyewe hakuwepo. Mkewe alinieleza kwamba siku hizi huvuka asubuhi kwenda Bukavu kushona kwa shemeji yake, na kurudi jioni.

"Aje basi kumuona Papa Jumapili," nikasema. "Anamungojea."

"Atakuja namna gani?" akaniuliza, bila ukali. "Muntu anafukuzwa na sauti, hajue kama mulango ingali wazi ao imefungwa. Hakukuwa muntu wa kuuliza."

"Mulango iko wazi, Maman. Naapa."

"Hiyo unaniambia mimi."

Nilikwenda tena jioni mara mbili, na mara zote mbili mzee alikuwa shambani, mbali, akionekana vizuri kabisa. Hakuja. Jumapili nne baba alivaa shati lake jeupe akakaa akitazama mlango, nami nikakaa naye, mwenye shahada mbili, sina la kutafsiri.

Wiki ya tano akaniamuru nimpeleke Rusizi ya Kwanza, mpakani, saa ya wavukaji wa asubuhi. Tulisimama pembeni ya njia, wabeba mizigo wakitupita na magunia, mpaka tukamwona mzee wa Rwimbogo akija na mfuko wake. Alipomwona baba, alisimama. Baba akaniambia nibaki pale nilipo.

Sikusikia walichosema. Niliwaona wameshikana mikono muda mrefu, wakisukumwa na watu, baba akiegemea fimbo. Kisha foleni ikasogea, na mwenzake ilimbidi asogee nayo.

Sasa tunakwenda kila Alhamisi. Wanapata dakika tatu, nne kama askari wa forodha ni wavivu. Mimi husimama kule kando, nikiombea foleni iwe ndefu.